Kabla ya jengo kulikuwa na Lephia Brown

Lephia Brown hakuwahi kuwa mchungaji. Alikuwa mke wa mkulima na mama wa watoto wanne. Mwaka 1834 yeye na mumewe Asa walihama Plymouth, jimbo la Vermont, wakaenda kulima Prairie Ronde, kusini-magharibi mwa Michigan, wakati Michigan yenyewe ilikuwa bado haijawa jimbo. Waandishi wa historia ya kanisa humtaja kwa mstari mmoja au miwili, kisha hukimbilia kwa binti yake Olympia. Mimi leo nataka tukae naye, maana kila ninaposoma jinsi kanisa la Wauniversalisti, Wakristo walioamini kwamba mwishowe Mungu atawaokoa wote, lilivyoingia kwenye nchi ya walowezi, njia inanirudisha kwa mama huyu.

Prairie Ronde ni jirani na ninapoishi. Ukitoka Kalamazoo kwa barabara ya 131 kuelekea kusini unafika kijiji cha Schoolcraft, na hapo ardhi inakuwa tambarare, udongo mweusi, mahindi na soya mpaka macho yachoke. Mimi ni Msambaa wa Mlalo, mtoto wa milima na mabonde. Mara ya kwanza nilipopita pale nilitafuta kilima nisikione. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, na bibi mmoja niliyekuwa nikimsaidia ndiye aliyeniambia kwamba Olympia Brown, mwanamke wa kwanza kubarikiwa uchungaji kwa idhini kamili ya dhehebu lake katika Marekani alizaliwa shambani pale. Alilisema kwa fahari ya mtu anayemtaja ndugu yake. Nikaanza kusoma, na bado nasoma.

Nimelelewa katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), nikapata kipaimara Mlalo, na ni Mlutheri hadi leo. Lakini swali ambalo akina Brown walisafiri nalo ni swali nililokua nalo: je, yuko mtu ambaye Mungu atamwacha milele? Nilikuwa mtoto bibi yangu mzaa mama alipofiwa na kaka yake, mtu ambaye hakuwahi kubatizwa. Nakumbuka wanawake wazima wakinong'onezana jikoni juu ya mahali alikokwenda. Hakuna aliyethubutu kumwambia bibi, naye hakuuliza. Usiku nilimsikia akiomba kwa Kisambaa, akimtaja kaka yake kwa jina, akimwomba Mungu asimwache.

Wauniversalisti walikuwa Wakristo waliolijibu swali hilo hadharani. Walibishana wao kwa wao kama kuna adhabu yoyote baada ya kifo, lakini jambo moja hawakuligawanyikia: adhabu isiyo na mwisho haiwezi kutoka kwa Mungu aliye upendo. Mwaka 1803 walikutana Winchester, New Hampshire, wakatunga ukiri mfupi wa imani unaosema kwamba Mungu hatimaye atairudisha familia nzima ya wanadamu kwenye utakatifu na furaha. Familia nzima. Walipoulizwa wameyatoa wapi, walifungua Biblia ileile tunayoisoma sisi, 1 Wakorintho 15:22: "Kwa kuwa kama katika Adamu wote wanakufa, kadhalika na katika Kristo wote watahuishwa." Wakasema: neno ni lilelile, wote, mara mbili, na hatuna ruhusa ya kulipunguza la pili.

Kwa mzazi wa wakati ule hilo halikuwa jambo la kubishania darasani. Makanisa makubwa ya New England yalifundisha kwamba Mungu alikwisha kuchagua tangu milele nani ataokoka na nani atapotea. Na karibu kila nyumba ilikuwa imezika mtoto. Mama anarudi kutoka makaburini, kisha Jumapili anaketi kusikia kwamba huenda mwanawe hakuwa katika hesabu. Ninapowasoma wale walioingia Uuniversalisti, ninawaona wazazi wa namna hiyo kwanza, kabla ya wanateolojia.

Plymouth ya Vermont iko kaunti ya Windsor. Ndiko alikozaliwa baadaye Rais Calvin Coolidge. Nikitazama picha za milima ile naiona Usambara yenye theluji: mashamba madogo yaliyoning'inia kwenye miteremko, mawe kila mahali. Jirani, katika kaunti hiyohiyo, kuna Barnard, alikoishi Hosea Ballou kuanzia 1803. Ballou alizaliwa 1771, mtoto wa mhubiri wa Kibaptisti, mwenye elimu ndogo ya darasani, na mwaka 1805 alichapisha kitabu juu ya upatanisho kilichowatikisa watu. Alisema Kristo hakufa ili kutuliza hasira ya Mungu. Mungu hakuwa na haja ya kutulizwa, ni moyo wa mwanadamu uliohitaji kugeuzwa. Wakulima wa Vermont walilielewa hilo. Huko Richmond, kaskazini zaidi, bado lipo kanisa la mbao lenye pande 16, lililomalizika 1813, ambalo madhehebu matano yalilijenga kwa pamoja na kupokezana Jumapili, na Wauniversalisti walikuwa mmojawapo. Hawakuwa na uwezo wa kujenga la peke yao, wakachangia walichoweza wakapata zamu yao.

Lakini siwezi kuendelea na akina Brown bila kumweleza Thomas Potter, maana ndiye aliyenifundisha kusoma habari zao.

Potter alikuwa mkulima wa pwani ya New Jersey, mahali palipoitwa Good Luck. Hakujua kusoma wala kuandika. Alipenda kusikiliza wahubiri waliopita njia, na nyumba yake ilipokuwa ndogo alijenga nyumba ya ibada kwenye ardhi yake, kwa gharama yake, akaiacha wazi kwa mhubiri yeyote. Majirani walimuuliza atampata wapi mchungaji wa kuisimamia. Yeye alingoja mtu atakayemhubiri Mungu aliyemjua moyoni mwake, na miaka ikapita.

Septemba 1770 merikebu iitwayo Hand-in-Hand ilikwama kwenye mchanga karibu na pale. Ndani yake kulikuwa na Mwingereza mwenye umri wa miaka 28, John Murray. Alikuwa mhubiri kijana katika kundi la Wamethodisti London, kisha akamsikiliza James Relly, aliyefundisha wokovu wa wote, na akatengwa na rafiki zake. Mtoto wake mchanga akafa. Mkewe Eliza akafa. Madeni yakampeleka gerezani. Alipotoka aliapa hatahubiri tena, akapanda meli kwenda Amerika apotelee huko. Aliposhuka pwani kutafuta chakula cha mabaharia alifika kwa Potter, na Potter akampa samaki akakataa malipo. Kwa maelezo ya Murray mwenyewe, yule mzee alimtazama akamwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akingojwa. Murray akakataa. Alimjibu kwamba upepo ukigeuka meli itaondoka naye. Potter akasema upepo hautageuka mpaka ahubiri.

Jumamosi ikafika, upepo uleule. Tarehe 30 Septemba 1770, Jumapili, Murray alisimama katika nyumba ile na kuhubiri, na ibada ilipokwisha upepo ukageuka.

Wauniversalisti wameusimulia upepo huo kwa zaidi ya miaka 200, nami siwalaumu. Lakini mimi nakaa zaidi kwa Potter. Kanisa lilikuwepo kabla ya mhubiri. Lilipauliwa, lilifagiwa, lilingoja. Murray aliendelea mpaka Gloucester, Massachusetts, ambako mwaka 1779 kundi la watu lilijitenga na kanisa la mji na kuunda lao. Miongoni mwa wanachama wa mwanzo kabisa yumo Gloster Dalton, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa. Nililisoma jina hilo mara mbili. Mtu aliyeuzwa aliweka jina lake kwenye kanisa linalosema hakuna mwanadamu atakayetupwa, na sidhani kuna mtu mle ndani aliyeielewa ahadi ile kuliko yeye.

Kuwa Muniversalisti kulikuwa na gharama. Wapinzani wao walisema: ukiondoa jehanamu, nani atakayeogopa kuiba? Hata mahakama zilisikiliza hoja hiyo. Connecticut, mwaka 1828, mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba mtu asiyeamini hukumu baada ya kifo hafai kula kiapo cha shahidi. Sheria ilibidi ibadilishwe baadaye. Kwa hiyo mtu aliyejitambulisha kwa imani hii alijua kwamba jirani anaweza kumdhulumu na neno lake lisipokelewe. Imani kama hiyo huibebi kwa sababu ya mazoea.

Sasa turudi 1834. Vermont ya wakati ule wenye mitaji walikuwa wakinunua mashamba madogo kufugia kondoo wa merino, na vijana walitazama magharibi. Njia ya kawaida ilikuwa mfereji wa Erie, uliofunguliwa 1825, kilomita 584 kutoka Albany hadi Buffalo juu ya mashua iliyokokotwa na farasi au nyumbu. Kutoka Buffalo unapanda meli ya mvuke kuvuka ziwa Erie hadi Detroit, kisha zaidi ya kilomita 200 kwa mkokoteni, kwenye matope na visiki. Ardhi ya serikali iliuzwa dola moja na senti 25 kwa eka. Olympia, mtoto wa kwanza wa Asa na Lephia, alizaliwa tarehe 5 Januari 1835. Hesabu miezi mwenyewe: sehemu kubwa ya mwaka ule wa kuhama Lephia alikuwa mjamzito. Akajifungua katikati ya baridi ya Januari ya Michigan, kwenye makazi yaliyokuwa na miaka michache tu tangu mlowezi wa kwanza, Bazel Harrison, afike hapo 1828.

Nalitumia neno walowezi kwa makusudi. Sisi tunajua uzito wake. Ardhi ile nyeusi ilikuwa ya Wapotawatomi, wenyeji wa asili, walioilima na kuiwinda kabla ya mtu yeyote kutoka Vermont kuisikia. Mkataba wa Chicago wa 1821 uliwanyang'anya sehemu kubwa ya kusini-magharibi mwa Michigan, ukafuata mwingine wa 1833, na mwaka 1840 wanajeshi waliwaswaga wengi wao kwenda ng'ambo ya mto Mississippi. Olympia alikuwa na miaka mitano. Baadhi walikataa kuondoka, na wajukuu wao wapo hadi leo: jamii ya Pokagon upande wa Dowagiac, Nottawaseppi kusini mwa Battle Creek, na wale wa Gun Lake kaskazini mwa Kalamazoo. Familia iliyoamini kwamba Mungu hatamwacha mtu yeyote ilijenga nyumba yake juu ya ardhi iliyopatikana kwa njia hiyo. Nampenda Lephia, na hilo nalisema kwa sababu nampenda. Historia yake haikamiliki bila hao waliofukuzwa.

Na malaria! Jambo hili liliniunganisha na wanawake wale kuliko lolote. Michigan ya miaka ya 1830 ilikuwa na malaria kama pwani yetu. Mabwawa, mito isiyo na mkondo, mbu wa kiangazi. Na wageni waliofika Julai walikuwa wakitetemeka ifikapo Septemba. Homa ilikuja kwa zamu, leo umelala, kesho unafua nguo, keshokutwa umelala tena, na watu walipanga kazi za nyumba kwa kufuata siku za kutetemeka. Kwinini ilikuwa ghali. Hakuna aliyejua kwamba ni mbu. Walilaumu hewa ya mabwawa na udongo mpya uliopinduliwa na plau. Kila nikiona picha ya nyumba ya magogo iliyochorwa vizuri, na moshi ukipanda, nawaza ndani yake kuna mama ana baridi ya homa chini ya blanketi na mtoto mchanga kifuani, na daktari yuko mbali.

Katika maisha hayo, Lephia alifanya mambo mawili ambayo mimi nayaita kuanzisha kanisa. La kwanza, aliilinda imani yake. Palikuwa mbali na Barnard na mbali na wahubiri wake, majirani wengi walikuwa wa madhehebu mengine, na njia rahisi ingekuwa kufuata mhubiri yeyote aliyefika kwanza. Hakufuata. Aliwafundisha watoto kwamba Mungu ni upendo na kwamba upendo huo hauna mpaka, na akawafundisha sababu, ili wakiulizwa waweze kujibu.

La pili ni shule. Lephia alianza kuwafundisha watoto nyumbani. Baadaye Asa alijenga nyumba ya shule kwenye shamba lake. Mwalimu hakuwepo, wala fedha za kumlipa. Basi Asa akampandisha Olympia juu ya farasi, wakazunguka shamba kwa shamba kuwaomba majirani wachangie mshahara wa mwalimu. Nalipenda sana tukio hili. Msichana mdogo anajifunza kubisha hodi kwa mtu wa imani nyingine na kumwambia: tunajenga kitu, tusaidie. Mchungaji yeyote wa usharika mchanga anaijua kazi hiyo, na hakuna chuo cha theolojia kinachoifundisha.

Nyumba za shule ndizo zilizokuwa makanisa ya Wauniversalisti katika nchi mpya. Mhubiri wao alikuwa mtu wa kupita. George Rogers, kwa mfano, alizunguka bonde la Ohio na kuendelea hadi kusini katika miaka ya 1830 na 1840, akihubiri penye mahakama, penye shule, penye sebule ya mtu. Tangazo lilipita mdomo kwa mdomo: Alhamisi jioni, taa njooni nazo. Mara nyingi Mmethodisti au Mpresbiteri wa mji alimwalika kwenye mjadala, na mijadala hiyo iliweza kuchukua siku kadhaa, watu wakija na chakula na watoto wao kusikiliza mistari ikipambanishwa. Kisha mhubiri alipanda farasi wake akaondoka, na asirudi kwa miezi. Aliyebaki na watu alikuwa nani? Gazeti la dini lililofika kwa posta na kusomwa mpaka likachanika, na wanawake waliokutana kushona, wakauza walichoshona, wakaweka senti kwa senti akiba ya mbao za paa. Usharika wenye katiba na jengo ulikuja mwishoni, miaka mingi baadaye, na sehemu nyingine haukuja kamwe.

Pale Schoolcraft bado imesimama nyumba ya Dk. Nathan Thomas, muumini wa dhehebu la Wakweka (Quakers), daktari wa kwanza wa kaunti ya Kalamazoo. Mwaka 1840 alimwoa Pamela, ambaye naye alizaliwa Brown, wa Plymouth ileile ya Vermont. Nyumba yao ilikuwa kituo cha kuwaficha watu waliotoroka utumwa wa kusini wakielekea Kanada. Inakadiriwa waliopita hapo walikuwa kati ya 1,000 na 1,500. Walifika usiku, Pamela akawapikia, daktari akawasafirisha mpaka kituo kinachofuata upande wa Battle Creek. Hawa hawakuwa Wauniversalisti wote, wala sitaki kuwabandika jina hilo. Lakini huo ndio ujirani ambamo watoto wa Lephia walikulia. Walimjua mtu aliyehatarisha shamba lake na uhuru wake kwa ajili ya mgeni asiyemjua jina.

Mwaka 1854 Olympia na mdogo wake Oella walipelekwa Mount Holyoke, Massachusetts, seminari ya wasichana yenye sifa kubwa. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa hakijafungua mlango kwa wanawake, na hakikufungua hadi 1870. Mount Holyoke sheria zilikuwa nyingi na mahubiri yalikuwa ya moto wa milele. Wasichana walishinikizwa waokoke kwa namna iliyokubalika pale. Fikiria binti aliyelelewa na Lephia, kwa mara ya kwanza yuko mbali na mama, na watu wasomi anaowaheshimu wanamwambia kwamba Mungu wa mama yake hayupo. Olympia alirudi kwenye Biblia na kwenye hoja za Wauniversalisti akazichimba upya, kwa nguvu zake mwenyewe sasa. Mwaka mmoja ulitosha. Akahamia Chuo cha Antioch, Yellow Springs, Ohio, kilichofunguliwa 1853 chini ya mwanamageuzi wa elimu Horace Mann na kupokea wanawake pamoja na wanaume. Halafu Asa na Lephia wakafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko safari ya kwanza: waliliacha shamba la Prairie Ronde wakahamia Yellow Springs ili watoto wengine nao wasome pale. Walikuwa wameuvunja ule udongo mgumu kwa mikono yao. (Mdogo wao Arthur alikuja kuwa mmoja wa maseneta wawili wa kwanza wa Utah, 1896.)

Antioch ndiko Olympia alikofanya mpango wa kumwalika Antoinette Brown, asiye ndugu yake, aje kuhubiri. Huyu alikuwa amebarikiwa na usharika mmoja wa Kikongregesheni jimboni New York mwaka 1853. Olympia hakuwa amewahi kumsikia mwanamke akihubiri. Alipohitimu 1860 aliomba vyuo vya theolojia, akakataliwa, mpaka Chuo cha St. Lawrence cha Wauniversalisti, Canton, New York, kilipokubali. Mkuu wake, Ebenezer Fisher, alimwandikia kwa uwazi: atampokea, ingawa yeye binafsi haoni kwamba wanawake wameitwa kwenye uchungaji, na hilo analiacha kati yake na Mkuu wa Kanisa aliye juu. Olympia akaona hapo ndipo hasa panapopasa kuachwa. Akaenda.

Tarehe 25 Juni 1863, mjini Malone, New York, chama cha makanisa ya Wauniversalisti cha St. Lawrence kilimbariki kuwa mchungaji. Fisher, yule aliyekuwa na mashaka, alishiriki ibada hiyo. Kwetu KKKT wanawake walianza kubarikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Najua wanawake wa Usambara waliosoma theolojia wakahudumu miaka mingi wakingoja siku hiyo, wakifundisha shule ya Jumapili, wakiongoza vikundi vya akina mama, wakizika watu pale mchungaji alipokosekana. Nikisoma ya Malone nawakumbuka, na sioni kama hadithi ya Wazungu wa mbali.

Mengine ya Olympia yameandikwa vizuri na wengine. Alitumikia Weymouth Landing na Bridgeport, alizunguka Kansas kiangazi cha 1867 kupigania kura ya wanawake, aliolewa 1873 na John Henry Willis akabaki na jina la Brown. Mwaka 1878 alikwenda Racine, Wisconsin, kwenye usharika wa Wauniversalisti uliokuwa umechoka na kukata tamaa, wa aina ambayo wachungaji wenye jina hawakuitaka. Alisema wazi kwamba yeye kama mwanamke hangepewa makanisa makubwa yenye raha, basi atakwenda palipohitaji kujengwa upya. Akakaa hadi 1887, akauinua. Ni kazi ileile ya juu ya farasi. Leo usharika huo una jina lake. Tarehe 2 Novemba 1920, akiwa na miaka 85, alipiga kura ya urais, mmoja wa wachache wa kizazi chake cha wapiganaji waliofikia siku hiyo. Alifariki Baltimore 1926 na kuzikwa Racine. Mwaka 1961 Wauniversalisti waliungana na Wauniteriani, na makanisa mengi madogo ya mashambani yalikuwa yamekwisha kufungwa kabla ya hapo.

Mengi ya ninayoyajua kuhusu Lephia na Asa, shule, farasi na majirani, yalihifadhiwa kwa sababu Olympia uzeeni aliandika maisha yake, na binti yake Gwendolen Willis akayahariri. Yalichapishwa 1963. Mjukuu ndiye aliyehakikisha bibi hasahauliki.

Tangu nisome hayo nimekuwa nikimpigia mama simu Jumapili, huku ikiwa asubuhi na Mlalo jioni, kumuuliza juu ya mtaa wetu kabla haujapata kanisa la matofali. Kwamba wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walifika Mlalo 1891, hilo limeandikwa tayari. Namuuliza yale mengine: nani alitoa banda la kusalia, nani alileta mahindi na maharage siku ya kupaua, nani aliwafundisha watoto katekisimu kabla ya mwinjilisti kuletwa. Mama anakumbuka zaidi ya nilivyotarajia. Amenitajia wanawake watatu, nimeandika majina yao na vitongoji vyao, na kuna wa nne ambaye anakumbuka uso wake na shamba lake tu, kwa hiyo wiki hii anapanda kwa shangazi kuuliza jina.